Gari Ndani ya Minyaa

Sisi watoto tulimwita Bibi wa Gari, na wala hakuwahi kupanda gari maishani mwake. Kanisani alikwenda kwa miguu, gulioni Bariadi alikwenda kwa miguu, na mzigo kichwani. Baba yangu aliwahi kusimamisha pikapu akamsihi apande walau mpaka njia panda. Alimjibu, "Nenda zako. Gari langu mimi ni moja, na liko nyumbani." Tukampita, vumbi lote likamwangukia, naye hata uso hakugeuza.

Gari lenyewe lilikuwa ndani ya boma lake kule Ngulyati, limezungukwa na uzio wa minyaa mirefu kuliko mtu. Lilijengwa na mumewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi. Sisi tulimkuta amekwisha kufa. Alikuwa anaunda matela ya kukokotwa na ng'ombe, anachomelea majembe yaliyovunjika, na siku moja akatangaza kwamba sasa anaunda gari. Chesisi aliitoa kwenye tela la trekta lililotupwa, bodi akaigonga kwa mabati ya mapipa, injini akaivua kwenye mashine ya kusaga. Na msicheke, injini ile iliwaka! Wanaokumbuka wanasema kuku waliruka juu ya mapaa na kina mama wakaacha masufuria motoni kuja kushangaa. Fundi akazima injini, akapanda juu ya boneti, akawaambia, "Subirini tu. Nitatoka nalo kwa lango hili hili, mchana kweupe, mkinitazama." Masika hayo hayo kifua kikambana, akafa.

Baba yangu alizaliwa Ngulyati, jirani na boma hilo, ila sisi wanawe tulizaliwa mjini, na jambo hilo lilimkera. Lilimkera zaidi siku mdogo wangu alipoulizwa viazi vinatoka wapi akasema kwa mama muuza genge. Basi kila likizo ya katikati ya mwaka Baba aliazima pikapu, Mama akakaa mbele, sisi tukarundikwa nyuma, na Baba akatuhutubia kabla ya kuwasha: "Leo mtaona chakula kinavyotengenezwa, na gari linavyotengenezwa. Muache kuamini kwamba kila kitu kinazaliwa dukani." Mama alikuwa anamnong'oneza kwamba gari hilo halitakaa liishe. Baba alijifanya hasikii.

Kwa upande wa chakula, Bibi hakuwa na mchezo. Ukifika tu, hata soda uliyoletewa hujaimaliza, unapewa kisu. Viazi vitamu vilikuwa vimeshamenywa tangu jana yake na kulala chini vinyauke, ili visivunjike wakati wa kukata. Tulikaa kwenye mkeka tukikata vipande, naye akipita nyuma yetu akiokota kimoja kimoja na kukiinua juani. "Wewe, unakata michembe au unafyatua matofali? Nyembamba! Nataka nione jua upande wa pili." Kaka yangu aliambiwa hivyo mpaka akalia. Bibi akamfuta machozi kwa kanga yake, halafu akamrudishia kisu.

Michembe ikishakatwa, watu wengine huianika juu ya mawe au turubai. Yeye aliianika juu ya gari. Paa, boneti, hata juu ya milango, kote alipanga vipande kimoja kimoja. Bati lilishika moto kiasi kwamba ukiweka kiganja unaruka, na michembe ya Bibi ilikauka mapema kuliko ya mtu yeyote kijijini. Ukimsifia, alikuwa anasema, "Si mimi. Fundi yuko kazini." Alikuwa hatabasamu akisema hivyo. Halafu tulikula ile ya mwaka uliopita, iliyopikwa kwa karanga mpaka ikawa laini, tukishushia na maziwa ya mgando, na hadi leo sijala kitu kitamu kama kile.

Kwa upande wa gari nako kulikuwa na kazi. Alikuwa amejifunza kugonga bati mwenyewe, kukaza nati, kupaka grisi. Akienda gulioni na furushi la michembe alirudi na taa ya pikipiki, au mpira wa mlango, au kioo cha pembeni alichobadilishana na mafundi wa gereji. Kila mwaka alituonyesha kipya alichoongeza. Alitushika mikono akatupigisha nyundo kidogo, kila mtoto zamu yake, na akatuambia tutakuja kusema kwamba tulilijenga. Nami kweli nilikwenda shuleni nikatamba kwamba kwetu tunatengeneza gari. Walinicheka muhula mzima.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Kuku walikuwa ruksa kutaga kwenye buti na mbuzi kulala chini ya injini, ila kiti cha dereva kilifutwa vumbi kila siku na hakikukaliwa na kiumbe chochote. Mlango wa dereva aliuacha wazi mwaka mzima, na wa pili aliufunga kwa waya. Jumapili hakukosa misa, rozari shingoni, sauti yake ikiwazidi wanakwaya. Lakini kila asubuhi, kabla hajaweka kitu kinywani, alitoka na kikombe cha uji, akasimama mbele ya gari na kusema, "Mwangaluka, Fundi." Ndiyo salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na ya mtu unayemheshimu. Akanyamaza kama anasubiri kuitikiwa. Kisha akaenda mpaka langoni akaumwaga uji wote chini, katikati kabisa mwa njia. Baba aliwahi kumtania, "Bibi, Padre anajua mambo haya?" Akajibu, "Padre ana zake. Fundi ana zake. Mimi ni mke wa mmoja tu kati yao."

Mimi siamini mambo ya mizimu, niseme wazi. Nimesoma, nafanya kazi hospitalini, nimeona watu wengi wakifa na hakuna hata mmoja aliyerudi kuniuliza kitu. Lakini kuna jambo lilinipata kwenye gari lile nikiwa darasa la tatu, na sijawahi kulielewa.

Wakubwa walikuwa jikoni. Nikaona mlango wa dereva uko wazi, kiti kinang'aa, nikaingia. Nikashika usukani. Ulikuwa wa moto upande mmoja tu, wa kulia, na upande wa kushoto baridi. Jua, bila shaka. Halafu honi ikalia. Naapa mkono wangu haukuwa kwenye honi. Ililia mara moja, fupi, vile mtu anavyopiga kumwambia aliye mbele asogee. Bibi alitoka jikoni mbio, unga mikononi. Nilijua nakula bakora. Lakini hakunitazama usoni, alitazama kiti, pale pembeni mwangu palipobaki nafasi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Amekusogeza?"

"Hapana, Bibi."

"Amekuacha ukae?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi amekupenda," akasema. Kisha akanivuta sikio, akanitoa nje, na sikio liliniuma mpaka Bariadi.

Mwaka uliofuata ndipo nilipouliza swali langu la kijinga. Bibi alikuwa anatuonyesha taa mpya za nyuma, tunapiga makofi, mimi nikaropoka, "Bibi, mbona kile kioo cha mwaka jana hakipo? Na magurudumu ya nyuma yako wapi?" Watu wazima wote wakaacha kupiga makofi. Gari lilikuwa limewekwa juu ya mawe. Nikatazama vizuri nikaona kwamba hata usukani wa mwaka jana si huu. Alikuwa anaongeza kimoja na kutoa kingine, mwaka hadi mwaka. Bibi hakukasirika. Alichukua mchembe wa moto kutoka kwenye sufuria akanitia mdomoni, akasema, "Huyu mtoto ana macho."

Njiani kurudi, Baba akatueleza. Kwa ukoo wa Fundi, mzee mwenye ng'ombe akifa hulazwa langoni, pale ng'ombe wanapopita, wamkanyage asubuhi wakitoka na jioni wakirudi, ajue hawajapungua. Ni heshima kubwa. Fundi alipofariki, kaka yake mkubwa, ambaye sisi tulimwita Guku, yaani babu, alisimamia kila kitu kama desturi inavyotaka. Kaburi likachimbwa langoni, likasawazishwa, ng'ombe wakapitishwa juu yake jioni ile ile. Watu walikuwa wanalia, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kutazama nyuma. Kumbe gari liko ndani, limezungukwa na minyaa, na lango ni hilo moja. Halingeweza kutoka bila kumkanyaga aliyelijenga.

Miaka kadhaa baadaye Bibi mwenyewe aliniambia, "Nilikuwa nalia, nikainua kichwa, nikaliona gari, nikaliona lango. Hapo hapo nikaacha kulia. Machozi yalikauka, nakwambia. Nikasema, eh, jamani, tumemfungia mwenzetu."

Ndiyo maana gari halikuisha. Likiisha lazima litoke, kwa sababu mwenyewe aliahidi mbele ya watu. Na kama halijaisha, hakuna wa kumdai. Nilipokuwa chuoni jambo hili lilinichosha kabisa. Nikamwendea nikamwambia kama mtu mwenye akili zake, "Bibi, si ukate minyaa upande wa nyuma, gari litoke, yaishe?"

Alinitazama kwa huruma. "Minyaa aliipanda yeye. Na nani hutokea nyuma ya boma? Mwizi hutokea nyuma. Mchawi hutokea nyuma. Wewe unataka mume wangu atobolewe tundu atoke kama fisi?"

"Lakini amekufa, Bibi."

"Ndiyo, amekufa. Kwani nani amebisha?"

 

Usiku, alisema, humsikia. Si sauti. Anasikia vile mtu anavyozunguka gari akigusa bati kwa vidole, tik, tik, akikagua. Nilimweleza kwamba bati likipoa usiku hujikunja na kulia. Akaitikia kwa kichwa, "Ndiyo, na bati nalo hulia." Nililala pale siku hiyo, na sitasema nilichosikia, maana hata mimi najua bati likipoa hulia.

Mwaka jana, mwanzoni mwa kiangazi, binti yake alinipigia simu. Anaishi Binza, pale Maswa, ana duka dogo. Alisema miguu ya mama yake imegoma, macho nayo yanaelekea huko huko, na yeye amekuja kumchukua wakaishi wote. Ng'ombe wamehamishiwa kwa Guku. Boma litabaki tupu. "Amekubali kupanda gari," akaniambia, "lakini ametoa sharti, na sharti lenyewe anakutaka wewe. Njoo, dada, mimi nimeshindwa."

Nilifika mchana. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa gauni la kanisani. Gari lilikuwa limeshushwa kutoka kwenye mawe. Magurudumu manne. Vioo viwili. Taa zote. Vyote alivyokuwa akivitoa alikuwa amevificha chini ya kitanda miaka hiyo yote, na vijana wa jirani walikuwa wamevirudisha. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona gari lile zima, na lilikuwa zuri.

Guku alikuwa amesimama langoni na maksai wake, nira mabegani mwao, mnyororo chini. Alikuwa mzee sana naye, na alikuwa amekasirika.

"Ng'ombe ni sawa," alikuwa anasema. "Ng'ombe ni heshima. Chuma hapana. Mimi ndiye niliyemlaza hapa kwa mikono yangu."

"Na mimi sikukulaumu siku moja," Bibi akamjibu. "Lakini ng'ombe hawakuahidi kitu. Aliyeahidi ni yeye. Kesho kutwa napakiwa kwenye gari la watu. Nitampita hapa langoni nimekaa kwenye kiti, nikimwacha chini na gari lake nyuma? Yaya!" Hapana hiyo ya Kisukuma aliitoa kwa nguvu mpaka akakohoa.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza kila asubuhi tangu azikwe. Hajibu. Sasa mimi sina tena asubuhi za kusubiri."

Guku akainamisha kichwa. Nilimwona akipangusa macho kwa kiganja. Kisha akachukua mnyororo akaufunga mwenyewe mbele ya gari.

Injini ilikuwa imekufa zamani, betri haikuwapo kabisa, kwa hiyo ilibidi mtu ashike usukani wakati maksai wakivuta. Mmoja wa vijana akasogea kwenye mlango wa dereva. Bibi akampigia kelele. Akaninyooshea mimi fimbo yake. "Huyu. Alishapewa nafasi. Lakini ukae upande wa pili, ushike ukiwa huko." Wakakata waya wa mlango wa kushoto. Nikaingia, nikanyoosha mkono kuushika usukani, na kiti cha dereva kikabaki kitupu pembeni yangu, kimefutwa vumbi.

Guku akawaita maksai. Mnyororo ukakaza. Gari lililia kila mahali, kisha likasogea, na kuku wakatoka kwenye buti wakipiga kelele. Tulikwenda taratibu kuelekea langoni. Majirani walikuwa wamejipanga nje ya minyaa. Magurudumu ya mbele yakapita juu ya kaburi. Ya nyuma yalipofika, udongo ukazama na gari likakwama. Guku akawaita maksai tena. Wakajikaza, miguu ikateleza, wakasimama. Mara ya pili wakakataa hata kujaribu. Nilimwona Guku akigeuka kumtazama Bibi, na uso wake ulisema, nilikwambia.

Nilitaka kushuka. Kweli kabisa, nilitaka kushuka nikimbie.

Bibi akainuka kwenye kigoda. Binti yake akamshika, akamkataa. Alitembea kwa fimbo mpaka upande wa dereva, mlango ule uliokuwa wazi tangu sijazaliwa. Akasimama pembeni yake, akiushikilia, vile mke anavyomshikia mgeni pazia.

"Panda, mume wangu," akasema. "Umelala vya kutosha. Watu wanakutazama."

Akasubiri. Wote tulisubiri. Kisha akaufunga mlango, kwa mikono miwili, na ulilia kwa kutu kabla haujakaa.

Mimi siamini mambo haya. Lakini nilikuwa ndani, na gari liliinama kidogo upande wa kulia. Maksai wakainua vichwa na kuondoka kabla Guku hajawaita. Gurudumu likatoka shimoni bila kishindo, tukapita lango, vigelegele vikapasuka nje, kina mama wakaruka, na usukani ukageuka kufuata barabara. Mkono wangu nilikuwa nimeshauondoa.

Gari lilisimama lenyewe kando ya barabara. Nilikaa kidogo. Nilipopata nguvu za kutazama kulia, kiti kilikuwa kitupu, na mimi nilikuwa nimejibana kwenye mlango wangu kama abiria aliyejazana na wenzake.

Nililala pale Ngulyati. Usiku ule hakuna bati lililolia, hata nilipotegea sikio. Asubuhi nilikuta Bibi ameshatoka na ungo wa michembe mibichi ya kwenda nayo Binza. Alisimama pale gari lilipokuwa. Chini palikuwa na majani meupe yasiyowahi kuona jua, na mafuta ya zamani. Alifungua mdomo kusalimu. Nilimwona kabisa akiufungua. Kisha akaufunga.

"Mama, anika kwenye turubai," binti yake akamwambia kwa upole.

"Itachelewa kukauka," Bibi akasema. Lakini aliinama akaipanga, mmoja mmoja, nami nikamsaidia. Gari lilionekana wazi kule barabarani, watoto wamelipanda mpaka paani, wengine wamejazana kwenye kiti cha dereva wakijifanya wanaendesha. Hakuwafukuza. Hakulitazama hata mara moja.

Tulipomaliza akachukua kikombe chake cha uji, akaenda nacho kwa fimbo mpaka langoni. Alisimama juu ya shimo lile lililoachwa na gurudumu, akatazama chini kwa muda mrefu. Halafu akarudi polepole, kikombe kikiwa bado kimejaa, akanipa mimi.

"Kunywa wewe," akasema. "Pale hakuna mtu."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Uji ulikuwa bado wa moto, na niliunywa wote huku amesimama mbele yangu, akisubiri kikombe.